Kimo cha Gari na Urefu wa Safari

Zamani magari yote yalikuwa marefu kwenda juu, na wala hakuna fundi aliyeyanyanyua. Ford Model T, lililotengenezwa Marekani kuanzia mwaka 1908 hadi 1927 na kufikia takriban magari milioni 15, lilikaa juu ya magurudumu membamba ya inchi 30, na tumbo lake lilipita juu ya visiki na matuta ya njia za mashambani bila kuguswa. Mkulima wa Kansas hakulinunua ili majirani wamtazame. Alilinunua kwa sababu njia ya kwenda kwake ilikuwa tope tupu wakati wa mvua na mifereji ya magurudumu wakati wa kiangazi. Lami ilipoenea, magari yakashuka mwaka hadi mwaka, mpaka yakafika haya ya leo ambayo hukwaruza tumbo kwenye tuta la kupunguza mwendo. Kwa maneno mengine, barabara ndiyo iliyouliza swali, na kimo cha gari kikawa jibu lake.

Siku hizi naona watu wanaanza na jibu. Mtu ananyanyua gari kwanza, kisha ndipo anatafuta barabara inayolifaa. Nimekwisha kuona pale Mwenge, Dar es Salaam, Land Cruiser iliyopandishwa kiasi kwamba mama aliyevaa khanga alihitaji kuvutwa na watu wawili ili apande, na chini yake palikuwa pasafi kama sahani. Sina ugomvi na mapambo. Mwenye gari na pesa yake ana haki ya kulipamba. Ugomvi wangu ni pale ninapoambiwa kwamba bila inchi sita za nyongeza mtu hawezi kufika Katavi. Hapo ndipo ninapotaka tuwaulize waliotangulia, maana katika jambo hili historia ina ushahidi mwingi.

Tuanze na jangwa la Libya. Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyewahi kuwekwa Misri, alianza kusafiri jangwani katika miaka ya 1920, wakati wa likizo zake, akiwa na marafiki wachache na magari ya Ford ya kawaida, kwanza Model T na baadaye Model A. Yalisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Yalipozama mchangani, walipunguza upepo wa tairi, wakatandika mabamba ya chuma mbele ya magurudumu, wakasukuma. Rejeta zilipochemka waliunganisha kopo la kunasa mvuke ili maji yarudi badala ya kupotea. Bagnold aliusoma mchanga kama mvuvi anavyoisoma bahari, na mwaka 1941 akachapisha kitabu cha kisayansi kuhusu namna upepo unavyousafirisha. Mwaka mmoja kabla ya hapo, vita ilipofika Afrika Kaskazini, aliunda kikosi kilichoitwa Long Range Desert Group, ambacho kilizunguka mamia ya maili nyuma ya majeshi ya Italia na Ujerumani, mahali ambapo maadui waliamini gari haliwezi kupita.

Magari yao ya kwanza yalikuwa zaidi malori ya Chevrolet ya tani moja na nusu, nayo pia ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwaka 1941 walipewa malori ya Ford yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Mtu angedhani wangeshangilia. La hasha! Malori hayo yalikuwa mazito na yalikunywa petroli kupita kiasi, na jangwani petroli ndiyo inayoamua utakwenda umbali gani na kama utarudi. Mwaka 1942 walirejea kwenye Chevrolet za kusukumwa nyuma. Hawa walikuwa watu ambao kukwama kwao kulimaanisha kifo, na walipopewa nafasi ya kuchagua, walichagua wepesi.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Sina haja ya kumweleza msomaji wa Afrika Mashariki gari hilo lilikuwa nini kwetu. Bwana shamba, daktari, padri na mkuu wa wilaya wote walishuka humo wakiwa na vumbi la aina moja. Mwezi Septemba 1955 vijana sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London na Land Rover mbili, wakafika Singapore mwezi Machi 1956, baada ya kupita njia za milimani na misituni mwa Burma ambazo wengi walikuwa wamezihesabu kuwa zimekufa tangu vita. Mmoja wao, Tim Slessor, aliiandikia safari hiyo kitabu. Magari yale ukiyaona pichani leo utacheka: mafupi, membamba, tairi kama za trela ya trekta. Yalifika.

Mimi mwenyewe gari hilo nililijua katika miaka ya 1980, nilipokuwa kwenye kazi ya upimaji wa maji Rufiji na Kilwa. Wanaokumbuka njia ya Kibiti kwenda Lindi kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 hawahitaji kusimuliwa. Mto ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na baada ya hapo, masika yakiwa yameingia, basi liliweza kulala njiani siku tatu na abiria wakapika uji kando ya barabara. Dereva wetu alikuwa Mmatumbi mtu mzima, mpole, mwenye desturi moja iliyotukera sisi vijana. Kila tulipofika kwenye tope alisimamisha gari, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kwa miguu yake na fimbo mkononi. Alipima kina, akatafuta chini palipo pagumu, akarudi, akanawa miguu taratibu, akavaa viatu, ndipo akatia gia. Tulikuwa tukinong'ona kwamba mzee anatuchelewesha. Lakini sikumbuki hata siku moja tuliyolala kwenye tope akiwa yeye kwenye usukani, na wenzetu wenye madereva hodari wa kukanyaga mafuta walilala mara nyingi.

Mzee huyo ndiye aliyenilaza chini ya gari siku moja na kunionyesha difu. Alinitaka nitazame nini hasa kinachogonga jiwe. Si chasisi, wala si bodi. Ni lile tungi la chuma katikati ya ekseli, linaloning'inia chini kuliko kitu kingine chochote. Ekseli hiyo imeshikwa na magurudumu yenyewe. Springi zimekaa juu yake. Ukiweka springi ndefu, bodi inapanda, chasisi inapanda, wewe na kiti chako mnapanda, lakini difu linabaki pale pale lilipokuwa. Kitu pekee kinacholiinua ni tairi kubwa zaidi, na tairi nayo hutoa nusu tu ya kile ilichoongeza. Ukitoka tairi ya inchi 31 ukaenda ya inchi 33, difu limepanda inchi moja. Nimewaeleza hesabu hii vijana kadhaa waliokwisha kulipa, na sura zao zilinifanya nijutie kusema.

Wahandisi waliotaka kweli kuinua difu walijua la kufanya. Wajerumani waliotengeneza Unimog, ambalo uzalishaji wake ulianza mwaka 1948, waliweka gia kwenye kila gurudumu ili ekseli ikae juu ya kitovu cha gurudumu badala ya kupita katikati yake. Hiyo ni kazi ya kiwanda, na bei yake ni ya kiwanda.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa kwetu. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nani alishinda mwaka huo wa kwanza na uliofuata? Volkswagen, lile gari dogo la mgongo wa kobe. Katika miaka ya 1960 ikaja zamu ya Peugeot 404, gari la saluni ambalo baba zetu walilipanda kwenda sokoni. Mwaka 1963 mvua ilinyesha kweli kweli. Magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 mvua ikarudia, yakamaliza tena magari 7 tu, na wa kwanza wakawa wale wale wawili na 404. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Yote haya ni magari ya saluni, ya kusukumwa nyuma. Yaliimarishwa, ndiyo, yalifungwa springi ngumu na bamba la chuma la kukinga injini, na yalikaa juu kidogo kuliko ya mjini. Kidogo, nasema. Mafundi wa mashindano hawakuogopa kunyanyua. Walijua gari linalokimbia kwenye kokoto linahitaji tumbo lililokingwa, springi inayocheza vizuri, na uzito uliokaa chini.

Basi mtindo huu wa miguu mirefu ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka Marekani, na nadhani ulianza kwa mchezo. Bob Chandler wa St. Louis alikuwa na Ford F-250 ya mwaka 1974, ambayo aliendelea kuibadilisha na kuipandisha ili kutangaza duka lake la vifaa vya magari ya porini. Akaipa jina la Bigfoot. Mwaka 1981 akaipitisha juu ya magari mabovu mbele ya kamera, ikayaponda kama makopo, na watu wakajazana viwanjani kutazama. Ni burudani nzuri. Nimeitazama kwenye video na wajukuu wangu nao wanaipenda. Ila gari lile husafirishwa mpaka uwanjani juu ya trela. Na picha huwa haina maelezo: anayeiona akiwa mbali hudhani kwamba ukubwa ule ndio uliolifikisha gari hapo.

Mwaka 1986 nilifika mahali penye ajali, kwenye njia kati ya Mikumi na Iringa. Gari la idara moja lilikuwa limelala ubavu, tairi zikitazama mbuga. Halikuwa limenyanyuliwa, wakati ule hakuna aliyejua habari hizo. Lakini kwenye keria walikuwa wamepakia hema, magunia mawili ya mchele, madumu ya dizeli na tairi mbili za akiba. Mbuzi alikatiza, dereva akakata usukani kushoto, gurudumu likashika ukingo laini, basi. Barabara ilikuwa ya lami na jua lilikuwa linawaka. Tuliyemtoa chini ya mlango alikuwa kijana wa Kihehe ambaye wiki moja kabla tulikunywa naye chai, na mguu wake haukupona. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anataka kupandisha uzito wa gari juu, namwona yule mbuzi.

Ndiyo maana mpwa wangu alipokuja kwangu akiwa na karatasi ya makadirio kutoka kwa fundi, sikuweza kumjibu kwa mzaha. Alikuwa amepanga kuwapeleka mke wake na watoto watatu kutoka Dodoma hadi Chunya kwa njia ya Itigi na Rungwa, na alitaka inchi sita, tairi za inchi 35, na keria jipya. Gharama yake ilizidi ada ya shule ya watoto wote watatu kwa mwaka. "Mjomba," aliniambia, "njia ile ni mbaya, siwezi kuchezea maisha ya watoto." Alikuwa mkweli kabisa. Nikachukua kalamu.

Nilimwambia achukue gari lenye sentimita 150 kati ya tairi ya kushoto na ya kulia. Nusu yake ni 75. Tuseme kitovu cha uzito wake kiko sentimita 75 kutoka ardhini. Gawanya nusu ya upana kwa kimo hicho, unapata 1. Maana yake, gari likiwa limesimama, lingeinama hadi nyuzi 45 kabla ya kuanguka. Sasa springi na tairi zile zikipandisha kitovu hicho sentimita 15, unagawanya 75 kwa 90 na kupata 0.83, na gari linaanguka likifika nyuzi 40 hivi. Huu ni mfano tu, si vipimo vya gari fulani. Ila serikali ya Marekani, tangu mwaka 2001, hutumia uwiano huu huu kuwajulisha wanunuzi ni gari gani lina hatari zaidi ya kupinduka. Na kabla hujaweka dumu moja juu ya keria, nikamwambia, dumu la lita 20 la dizeli linakaribia kilo 20. Weka manne.

Aliuliza kuhusu mambo mengine, nami nikamweleza kwa kifupi. Springi zikirefushwa sana, propela shafti inafanya kazi kwa pembe kali, krosi zinakwisha mapema na gari linatetemeka. Kwenye magari ya springi za koili ekseli ya mbele inazunguka kidogo, na usukani unapoteza ile tabia ya kurudi wenyewe katikati, hivyo gari linatangatanga barabarani. Mabomba ya breki yanavutika. Kila kimoja kina dawa yake, na kila dawa ni kifaa kingine cha kununua, ambacho huwezi kukipata Rungwa kikivunjika.

Sitaki kuwa kama wazee wanaokataa kila jipya. Kuna kunyanyua kunakoeleweka. Gari la safari ndefu hubeba maji, mafuta, chakula na watu, na springi za kiwandani, hasa zilizochoka, hulala chini ya mzigo huo mpaka bampa ya nyuma inachota udongo. Springi imara zaidi, zenye nyongeza ya inchi moja na nusu au mbili, pamoja na shokapu zinazolingana nazo, hulirudisha gari kwenye kimo ambacho lilikusudiwa kuwa nacho. Halafu kuna mgongo wa katikati ya njia. Malori yakipita kwenye udongo wa mbuga huchimba mifereji miwili na kuacha tuta kati yake, na gari dogo likifuata humo hukalia tumbo, magurudumu yakining'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha mtu mzima. Hapo inchi mbili zinaweza kukuokoa, ingawa mara nyingi dereva mwenye akili hupitisha tairi moja juu ya tuta lenyewe na nyingine pembeni. Na Iceland, tangu miaka ya 1980, mafundi hupandisha magari sana ili kuingiza tairi za inchi 38 hadi 44, ambazo hupunguzwa upepo mpaka zinatandazika juu ya theluji kama nyayo za ngamia. Wao wana sababu: theluji haina chini pa kufikia, kwa hiyo lazima gari lielee. Kimo kwao kinakuja kwa ajili ya tairi. Nasi hatuna theluji hiyo hata tukipanda Makete wakati wa baridi.

Mwaka 1991 mashindano ya Camel Trophy yalifanyika Tanzania na Burundi, kwa Land Rover Discovery zilizosheheni keria, winchi na mabomba ya kuvuta hewa juu. Zilikuwa na kimo kisichotofautiana sana na cha zile za dukani. Kilichokuwa cha ajabu ni idadi ya makoleo na watu wa kuyashika.

Funzo kali zaidi, hata hivyo, lilipatikana mapema zaidi, kwenye msitu wa Darien kati ya Panama na Kolombia. Mwaka 1972 msafara wa Waingereza ulioongozwa na John Blashford-Snell ulipita humo na Range Rover mbili, ukiwa katika safari ya kutoka Alaska hadi ncha ya kusini ya Amerika. Kama kilomita 400 ziliwachukua karibu siku mia. Range Rover lilikuwa gari jipya, lenye springi za koili zinazocheza mbali. Kwa hiyo hawakukosa kimo wala mchezo wa magurudumu. Walichokuwa nacho kingi mno ni mzigo, pamoja na tairi pana za kinamasi. Nguvu ya tairi hizo nzito na uzito ule vikapasua difu, moja baada ya jingine, mpaka mtaalamu na vipuri vikaletwa kwa ndege. Na ili kuendelea walinunua Land Rover kuukuu, wakaitanguliza ikiwa nyepesi kufungua njia, yale makubwa yakafuata.

Mpwa wangu alifunga springi za inchi mbili na tairi za saizi ile ile ya kiwandani, mpya, za matope. Keria aliliacha dukani. Pesa iliyobaki ilikwenda kwenye winchi, makoleo mawili, pampu ya upepo na ada ya muhula. Waliondoka Dodoma mwishoni mwa Machi, wakati ambao mimi nisingeuchagua. Usiku wa siku ya pili alinipigia simu kutoka Rungwa, sauti ikikatika katika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Itigi. Nilimwuliza wamepitaje kwenye mbuga, akacheka, akasema alivua viatu mara nne, na kwamba mtoto wa kati sasa ndiye anayeshika fimbo.